Dhamana iko Dubai, mashine iko Dar: nilivyoipigania laptopu yangu ya gemu

Laptopu ya gemu niliinunua kwa ajili ya kazi. Wasanifu majengo wananiletea ramani, mimi nawatengenezea picha na video za nyumba, mwenye kiwanja aione sebule yake kabla hata msingi haujachimbwa. Natumia Blender, programu ya bure, lakini Blender inataka kadi ya picha yenye nguvu, na ukitaka nguvu hiyo ndani ya kitu unachoweza kukibeba kutoka Sinza hadi kwa mteja Kigamboni, utaishia kwenye laptopu za gemu za bei ya juu. Watoto wa dada yangu wakija Jumamosi wanachezea mpira humo humo, na mimi nacheza nao.

Wakati ule kadi niliyokuwa naitafuta, RTX 3070, sikuipata Kariakoo. Shemeji yangu anafanya kazi Dubai, nikamwomba apite Bur Dubai, barabara ya Khalid bin Al Waleed, ambako maduka ya kompyuta yamepangana pande zote. Nilimpa masharti mawili. La kwanza, asisome jina la kadi tu, aulize na wati zake, kwa sababu RTX 3070 ya laptopu inaweza kupewa wati 80 au ikapandishwa hadi 125, na mashine mbili zenye jina lile lile zikafanya kazi kwa kasi tofauti kabisa. La pili, risiti iandikwe jina langu, tarehe, na namba ya mashine kama ilivyo chini ya kifuniko. Hilo la pili alilalamika kidogo, maana muuzaji alikuwa na haraka. Baadaye ndilo lililoniokoa.

Mashine ilikuwa nzuri, sina budi kusema. Kioo safi, umbo la chuma, nyembamba. Na hapo kwenye wembamba ndipo penye tatizo la mashine hizi zote, ziwe za kampuni gani. Unachukua prosesa na kadi ya picha ambazo kwa pamoja zinaweza kula zaidi ya wati 150, unazibana kwenye nafasi ya sentimita mbili, halafu unategemea feni mbili ndogo zitoe joto lote. Kwa mtu aliye kwenye chumba cha nyuzi 20 inawezekana. Dar mwezi wa Januari, nje nyuzi 32, unyevu wa bahari umejaa hewani na umeme wa feni ya darini umekatika, prosesa inafika nyuzi 95 na kukaa hapo. Haiungui, kwa sababu imetengenezwa ijipunguzie kasi yenyewe ikikaribia nyuzi 100. Lakini vilivyo jirani yake, hasa betri, vinapikwa polepole.

Kabla mwaka haujaisha, sehemu ya kugusia chini ya kibodi ikawa ngumu kubonyea. Nikiiweka mashine mezani, inayumba, kana kwamba mguu mmoja umekuwa mrefu. Kisha siku moja katikati ya kazi ikazima, na haikuwaka tena hata kwa chaja.

Nilimpelekea fundi mmoja wa Kariakoo ninayemwamini. Hakuifungua. Aliigeuza, akaitazama kwa ubavu, akasema, "Dada, betri imevimba. Usiichaji tena, na usimruhusu mtu aibonyeze. Una waranti?" Nilipomjibu ninayo, akanirudishia mkononi. "Basi mimi siigusi mpaka wenyewe wakuambie." Namheshimu sana kwa jibu lile. Wengi wangeshika bisibisi kwanza na kuuliza baadaye.

Nikaingia kwenye tovuti ya kampuni, nikaandika namba ya mashine. Jibu: dhamana imeisha. Nilikaa nikatazama ile tarehe, na nikaona kwamba walikuwa wameanza kuhesabu siku mashine ilipotoka kwa msambazaji kwenda dukani, si siku iliyouzwa. Ilikuwa imekaa kwenye rafu miezi kadhaa. Jambo hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani, na dawa yake ni risiti. Niliwaandikia, nikaambatanisha picha ya risiti yenye namba ya mashine na tarehe, nikaomba tarehe ya kuanza irekebishwe. Wakarekebisha bila ubishi. Risiti ile isingekuwa na namba ya mashine, ingekuwa karatasi tu inayosema mtu fulani alinunua laptopu fulani.

Kikwazo cha pili: dhamana ilikuwa ya Falme za Kiarabu pekee. Kuna kampuni zenye dhamana ya kimataifa kwa baadhi ya mashine zao, na kampuni hiyo hiyo ikawa na nyingine ambazo haifuati nje ya nchi zilikouzwa. Yangu ilikuwa ya aina hii ya pili. Kwa hiyo ilibidi irudi Dubai.

Na hapa ndipo nilipojifunza mambo ya usafiri wa anga ambayo sikuwahi kuyafikiria. Betri ya lithiamu iliyovimba au kuharibika hairuhusiwi kupanda ndege, iwe kwenye mzigo wa abiria au wa kampuni ya usafirishaji, kwa sababu inaweza kushika moto angani. Hata betri nzima zina kikomo: abiria anaruhusiwa kubeba isiyozidi wati-saa 100 (kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri) bila kuomba kibali, na ndiyo maana laptopu nyingi kubwa za gemu zinaishia kwenye 99 na kitu. Laptopu yangu ikiwa na betri yake isingeondoka Dar kihalali, na kituo cha huduma hakipo Dar.

Niliwaandikia tena, kwa ufupi na kwa utaratibu. Niliwaeleza hali, nikaweka picha ya mashine ikiyumba mezani, nikawaomba kitu kimoja: ruhusa ya maandishi ya kuifungua hapa, kutoa betri na diski, kisha kuituma bila vitu hivyo viwili, na uthibitisho kwamba kufungua huko hakutavunja dhamana. Jibu la kwanza lilikuwa la kunakiliwa, likiniambia niipeleke mashine kituoni. Sikukasirika kwenye maandishi. Nilirudia swali lile lile, nikaongeza kwamba betri iliyovimba hairuhusiwi kusafirishwa kwa ndege, nikaomba lisomwe na msimamizi. Ruhusa ikaja, ikiwa na namba ya kesi.

Nawasihi wote mnaofuatilia waranti: simu piga ukitaka, lakini kila unachokubaliana nao kiombe kwa maandishi. Anayekuhudumia leo kesho si yeye.

Nikarudi kwa fundi na ile barua. Kabla hajashika bisibisi tukaelewana apige picha kila hatua: kifuniko kikiwa kimefungwa, stika zikiwa nzima, ndani kabla ya kugusa chochote, kisha karibu karibu kwenye vile vibandiko vidogo vyeupe ambavyo hugeuka vyekundu vikiguswa na maji. Vyote vilikuwa vyeupe, tukavipiga picha na gazeti la siku hiyo pembeni. Betri aliitoa taratibu, bila kuikunja wala kuikwangua, akaiweka nje kwenye ndoo ya mchanga. Diski akanipa mimi. Humo kulikuwa na kazi za wateja, na sioni sababu ya kumkabidhi mtu nisiyemjua ramani za nyumba ya mwenzangu.

Shemeji alikuwa likizo Dar. Akaibeba mashine kwenye begi la mkononi akirudi, akaipeleka kituoni, akachukua stakabadhi ya kuipokea yenye maelezo ya hali yake. Nilimwambia, "Shem, usiondoke pale mpaka waandike kwamba haina mkwaruzo wala ufa." Hakuondoka.

Wiki iliyofuata ujumbe ukaja: bodi, yaani ile sakiti kuu ya ndani, ina dalili za kimiminika, dhamana haihusiki, ukitaka tengeneza kwa gharama yako. Bei ya bodi ilikuwa zaidi ya nusu ya bei ya mashine mpya. Kwenye laptopu hizi prosesa, kadi ya picha na mara nyingine hata kumbukumbu vimechomelewa kwenye bodi moja, kwa hiyo kasoro ya kijisehemu cha shilingi chache inaandikiwa bodi nzima.

Sikuwahi kuimwagia kitu. Niliwajibu nikiwa na zile picha: vibandiko vyeupe, tarehe, stika nzima. Niliomba mambo mawili: picha ya sehemu wanayodai ina kimiminika, na maelezo ya vipi maji yameingia bila kugusa kibandiko hata kimoja. Pia nilieleza kwamba nakaa mji wa pwani, na kwamba ukungu mwepesi wa kutu kwenye kichwa cha nati unaweza kutokana na hewa tu. Kesi ikapelekwa ngazi ya juu. Baada ya kimya kilichoninyima usingizi, jibu likawa fupi: bodi na betri vitabadilishwa chini ya dhamana.

Siamini kwamba yule wa kwanza alikuwa na nia mbaya. Naamini alitazama bodi chini ya taa, akaona kidoa, akaandika sababu iliyo rahisi. Nisingekuwa na kitu cha kumpinga, habari yangu ingeishia pale.

Mashine ilipofika, niliikagua kabla ya kushukuru. Kwanza niliingia kwenye mipangilio ya kuwashia (BIOS) nikaona kama namba ya mashine imeandikwa kwenye bodi mpya. Fundi akisahau kuiandika, siku nyingine ukihitaji huduma mfumo hautaitambua mashine yako. Ilikuwepo. Nilirudisha diski, Windows ikanidai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48, kwa kuwa kufuli la diski lilikuwa limefungamana na bodi ya zamani. Ufunguo nilikuwa nimeuandika kwenye daftari kabla ya kuituma. Asiyekuwa nao anapoteza kila kitu kilichomo, hata kama diski ni nzima kabisa. Kisha nikaiachia Blender kazi nzito usiku kucha, HWiNFO ikinirekodia joto na kasi za feni.

Tangu hapo naitunza kwa namna nyingine. Betri nimeiwekea kikomo cha asilimia 80 kwenye programu ya kampuni, kwa sababu lithiamu ikikaa imejaa huku imezungukwa na joto ndiyo inayochakaa haraka, na mashine yangu inashinda kwenye chaja. Kasi ya juu ya prosesa nimeipunguza kidogo. Picha zangu zinatengenezwa na kadi, kwa hiyo muda haukuongezeka kwa kiasi cha kunisumbua, lakini joto la prosesa lilishuka vizuri. Umeme unapita kwanza kwenye kile kifaa cha kulindia friji, kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi. Na vumbi nasafisha mara kwa mara, feni ikiwa imeshikiliwa kwa kijiti isizungushwe na blowa, maana ikizungushwa kupita kasi yake inaua bearingi.

Kuhusu pesti ya kupozea, ile inayopakwa juu ya prosesa ili joto lipite kwenda kwenye kipozeo, onyo moja kwa mnaopeleka mashine hizi mtaani. Baadhi ya laptopu za juu hazina pesti ya kawaida, zimepakwa metali ya maji yenye galiamu, ambayo inapitisha umeme. Fundi asiyejua akiifungua na kuifuta kama pesti nyingine, tone moja likiangukia kwenye bodi linatosha kuiunguza. Soma kwanza mashine yako ina nini, mwambie fundi kabla hajaanza. Fundi wangu kwa sasa anapendelea ule utando wa Honeywell, PTM7950, unaolainika kwa joto na hausogei kama pesti inavyosukumwa nje baada ya miezi.

Mwaka huu mwenzangu wa kazini alitaka mashine kama yangu, na ndugu yake wa Ujerumani akajitolea kuinunua. Ulaya sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka muuzaji awajibike kwa miaka 2, tofauti na mwaka 1 ambao ni wa kawaida kwa mashine nyingi Marekani, kwa hiyo ilionekana ni bahati. Nilimuuliza swali moja: huyo muuzaji wa Ujerumani, ikiharibika, nani ataipeleka dukani kwake? Hakuwa na jibu, maana ndugu anarudi nyumbani moja kwa moja.

Tukazunguka Dar. Tulikuta duka lililokuwa na mashine ya kadi ya chini kidogo ya ile aliyoitaka, bei juu kidogo ya ile ya Ujerumani, na mwenzangu akasita. Mimi nikamuuliza muuzaji kama yuko tayari kuandika kwenye risiti kwamba ndani ya mwaka gharama ya kuipeleka kituoni na kuirudisha ni yake. Alifikiri, akampigia mtu simu, akakubali. Tukafungua boksi pale pale kaunta, tukaingiza namba ya mashine kwenye tovuti ya kampuni, Tanzania ikaonekana kwenye orodha ya nchi zilizomo kwenye dhamana na tarehe ya kuanza ikasomeka ya siku ile. Akaandika, akagonga mhuri. Mwenzangu akalipa.