Kiti kikaenda na koti

Nimejaribu kulala nimeshindwa, kwa hiyo naandika. Jambo lenyewe dogo mpaka naona haya kumwambia Baba Zuhura, maana atasema "ndilo hilo tu?" na kugeukia ukutani.

Mnamjua Mzee wa Kofia, jirani wetu wa mkono wa kulia, yule wa nyanya. Jumapili asubuhi nilimkuta nje amepiga magoti mbele ya gari lake, ndoo pembeni, anasugua bampa kwa sifongo ya vyombo. Gari likitoka Dublin jioni ya kiangazi hurudi na wadudu wamegandia mbele, na wakishakauka hawatoki mpaka uwaloweke. Alikuwa anawabandua mmoja mmoja kwa ukucha. Siku moja kabla, timu yetu ya Limerick ilikuwa imetolewa robo fainali ya kombe la Ireland na Dublin, pale uwanja wa Croke Park.

Nikampa pole kama mtu aliyefiwa, maana hapa kwa mambo ya halingi, ule mchezo wao wa fimbo na mpira, ndivyo inavyotakiwa. Kisha nikauliza, kwa kutaka maneno tu:

"Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Na kile kiti unachotuwekea garini?"

"Kiti kilikuwa na koti langu."

"Mbona safari hii hukutugongea?"

Akachovya sifongo, akaikamua. Hakuinua macho. "Nilikuonea huruma, binti. Kila nikikuuliza inabidi utafute sababu. Nikaona nikupumzishe."

Basi. Akaniuliza kama nyanya zangu zimeshika, nikasema zimeshika, nikaingia ndani.

Tangu hapo Zuhura amemaliza mitihani yake ya mwisho ya sekondari, Baba Zuhura ameongezewa mkataba kule bohari, wifi yangu wa Korogwe kajifungua pacha, na miye bado niko palepale kwenye bampa. Nikupumzishe! Angesema amekasirika ningejua la kufanya, ningekaanga sambusa nikampelekea. Lakini huruma? Mtu akikuonea huruma unampelekea nini? Halafu lile koti. Kwamba alisimama kwenye gari akatazama kile kiti, akatazama mlango wetu, akaona bora liketi koti.

Sababu zangu ni za kweli, hilo naliandika hapa lijulikane. Nyumba ya wazee ninakofanya kazi haifungwi Jumamosi kwa ajili ya mpira. Limerick mpaka Dublin ni kama kilomita mia mbili, uweke mafuta, uweke ule ushuru wa barabara pale karibu na Portlaoise, uweke tiketi, uweke tumbo la mwanangu Idi ambalo nyote mnalifahamu. Na mechi haikuja peke yake. Tangu 2018 kwenye jimbo letu la Munster wanacheza kwa mtindo wa ligi, timu tano, kila timu mechi nne, mbili nyumbani na mbili ugenini, zote zimebanana Aprili na Mei. Ukimaliza hizo ikaja fainali ya Munster, tarehe 7 Juni 2025, na Cork. Ile ilikuwa kwetu, uwanja uko Ennis Road, tulitembea kwa miguu familia nzima na nusu ya mtaa. Dakika za nyongeza, kisha penalti, fainali ya kwanza ya Munster kuamuliwa hivyo, na Cork wakaondoka na kombe. Tulirudi hatuna sauti. Majuma mawili baadaye unaambiwa funga tena mkoba, Dublin.

Mtaa mzima walisema neno moja: hii tuiache, tuweke pesa kwa ajili ya nusu fainali. Si miye peke yangu! Yule mama wa nyumba ya kona, wa mbwa watatu, alikuwa ameshalipia chumba cha hoteli Dublin kwa wikiendi ya fainali ya Julai. Limerick imetudekeza. Ilikaa miaka 45 bila kombe la Ireland, tangu 1973 mpaka 2018, halafu ikachukua manne mfululizo, 2020 mpaka 2023. Watoto wa umri wa Idi wanaona Croke Park mwezi wa saba ni kama sikukuu, ipo tu kwenye kalenda. Nani angedhani robo fainali ndiyo ingekuwa mwisho wa safari?

Tena Dublin walicheza pungufu. Crummey alioneshwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, wakabaki 14 kwa 15, na wenyewe ndio waliokuja kufunga magoli mawili yaliyofuatana, Hetherton kisha O'Sullivan, kabla watu hawajameza mate. Dublin 2-24, Limerick 0-28. Kwa wageni wa blogu hii: namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni pointi, na goli ni pointi tatu, kwa hiyo hesabu yake ni 30 kwa 28. Pointi mbili. Usiku nalala nazo hizo pointi mbili. Kelele zetu zingezileta? Nikijibu ndiyo, Mzee wa Kofia ana haki ya lile koti. Nikijibu hapana, basi kwa nini yeye anakwenda?

Na ushahidi wa hapana ninao. Desemba 2020, wakati wa korona, fainali ilichezwa Croke Park bila mtazamaji hata mmoja. Uwanja wa watu zaidi ya elfu 80, viti vitupu, na Limerick wakaipiga Waterford 0-30 kwa 0-19. Vijana wale hawalipwi mshahara, mmoja mwalimu, mwingine mkulima, wanacheza Jumapili na Jumatatu wako kazini. Walishinda hatupo.

Lakini sasa nikumbuke ile fainali ya 2023 niliyowaandikia hapa, na Kilkenny. Ndiyo safari aliyotuchukua Mzee wa Kofia. Tulipofika Dublin akafungua buti katikati ya barabara ya watu, kama wafanyavyo wote, chupa ya chai na mikate. Mikate yao ni ya nguruwe. Yetu alikuwa ameifunga mbali, kwenye mfuko wa karatasi, ameandika juu kwa kalamu nene MAYAI, na kuipigia mstari mara mbili. Ndani ya uwanja tukaketi katikati ya watu wa Kilkenny, maana hapa hawatenganishi mashabiki, na bibi mmoja wa Kilkenny akawa anampa Idi peremende kila Limerick wakifunga, "ili usipige kelele sana." Mtu aliyekufungia mayai mbali anakuja kukuambia amekuonea huruma! Ndiyo maana inauma. Ingetoka kwa mwingine ningeshaisahau.

Marehemu baba alikuwa hivyohivyo na Coastal Union, timu ya soka ya Tanga. Dar, Morogoro, popote, akipata nafasi nyuma ya lori anakwenda, na mwaka 1988 waliochukua ubingwa sidhani kama alilala nyumbani kwa juma zima. Mama alikuwa akisema ana mke mwenza na jina lake Coastal. Wala hakuna siku nilimsikia baba akisema timu inamhitaji. Alikuwa akisema "watu wote wanakwenda," na watu wote walikuwa kina mzee wanne na dereva.

Haya. Alhamisi nikamsimulia Babu wa Chumba cha Saba, kwa sababu kazini ndiye pekee anayeweza kusikiliza hadithi ya koti mpaka mwisho. Jumamosi ile alinitaka nimfungie mlango na asisikie redio. Mechi niliisikiliza kwenye chumba cha kufulia huku nakunja mashuka, na nilipoingia na chai yake akanitazama usoni, akasema, "Usiniambie." Sikumwambia. Ameshajua.

Nikafika pale pa "nikaona nikupumzishe." Babu akaanza kucheka. Alicheka akakohoa, nikamkalisha vizuri, akacheka tena.

"Huyo jirani yako," akasema, "1994 alikwenda?"

Nikasema alikwenda, huwa anaisimulia. Hiyo ndiyo fainali ambayo Limerick waliongoza kwa pointi tano, zimebaki kama dakika tano, na Offaly wakafunga magoli mawili na pointi tano, wakachukua kombe kwa 3-16 dhidi ya 2-13. Wazee wa hapa bado wanaitaja kwa sauti ya chini.

"Na 1996?"

"Alikwenda."

"2007?"

"Alikwenda, babu."

"Basi ndiye," akasema, ameridhika kabisa. "Miaka yote hii nilidhani ni miye."

Kumbe Babu ana hesabu yake. Mwaka 1973 alikwenda, kwenye mvua, wakaipiga Kilkenny 1-21 kwa 1-14, naye akadhani ana nyota. Akaenda 1974, wakafungwa. 1980, wakafungwa. 1994, 1996, 2007, zote, na kila mara alikuwepo. Ndipo akaamua yeye ni nuksi. 2018 timu ilipofika fainali na Galway, wanawe wakamletea tiketi mezani, akakataa. Akatoka kwenda kukaa bandani na koleo, ndugu zangu, anachimba viazi ambavyo havijakomaa, huku mkewe anapiga mayowe dirishani. Galway wamerudi, wamebakiza pointi moja, Joe Canning anapiga mpira wa mwisho kutoka mbali, unadondoka mbele ya goli... na Babu yuko na viazi. Wakashinda kwa pointi ile moja. Tangu siku hiyo hakanyagi uwanjani. Anasema makombe yote matano ya siku hizi ni yake.

"Na 2019 je?" nikamchokoza, maana mwaka ule walitolewa na Kilkenny kwenye nusu fainali na yeye alikuwa nyumbani.

"2019 kuna mtu aliwasha redio."

Nilicheka mpaka muuguzi wa zamu akachungulia. Nimerudi nyumbani na furaha ya ajabu. Mpaka naegesha gari nilikuwa nimeshaandaa jibu: Mzee, mimi nikikosa kwenda nawasaidia. Nikamkuta uani anamwagilia. Akanyanyua mkono, nikanyanyua wangu. Jibu likabaki kooni. Akanipitishia nyanya tatu juu ya ua, bado zina kijani kwenye kikonyo, akasema niziweke dirishani. Sijui kama hiyo ilikuwa maongezi au ilikuwa nyanya. Baba Zuhura anasema nyanya.

Aprili si mbali, na sijui nitagongewa.

Lakini linaloninyima usingizi hasa leo si hilo, nimegundua nikiwa hapa naandika. Jioni nimezungumza na Mama, na katikati ya habari za pacha akateleza ulimi kwamba zile dawa za presha anazikata nusu "zisiishe haraka." Nusu! Na pesa za dawa nilituma mwanzo wa mwezi, zimefika, ujumbe ninao. Nikimwuliza anabadilisha maneno, ananisifia wifi. Kesho kabla ya zamu nimpigie Dada Mwanaisha wa Ngamiani, aende mwenyewe akazihesabu vidonge, na aangalie ni nani pale nyumbani anayekaa na ile simu ya pesa.