Ukifanyia kazi nyumbani, nani anabandika maharage?

Mmoja akianza kufanyia kazi nyumbani, shughuli za nyumba hazigawanywi upya. Zinamwangukia yeye, kimyakimya. Fundi bomba anakuja, mpokee wewe. Gesi imeisha, agiza wewe. Mtoto karudishwa shule ana homa, si upo? Kila moja ni ndogo, lakini kazi inayotaka utulivu wa saa 2 haifanyiki kwa vipande vya dakika 10. Inasogezwa usiku, na anayekesha mara nyingi ni mama.

Chukua sufuria ya maharage. Aliye ofisini anaona ni kubandika tu. Aliye mezani na kompyuta anainuka kila robo saa kuongeza maji na kupunguza moto, saa nzima na zaidi. Yaondoeni kabisa kwenye siku za kazi. Yalowekwe Ijumaa usiku. Jumamosi yule anayeshinda nje wiki nzima ayachemshe kilo 2 kwa mkupuo, yapoe, ayagawe kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja, yaingie friza. Jumatano jioni inabaki kuunga.

Wenye wateja Marekani wana mtihani wao. Kikao cha saa 3 asubuhi ya New York huku Afrika Mashariki ni saa 10 jioni. Mapema Novemba wakirudisha saa zao nyuma, kinahamia saa 11, na kinakaa hapo hadi Machi. Saa 11 ndiyo ya kuogesha watoto na kuanza chakula cha usiku! Kubalianeni mapema, Oktoba, nani anaishika. Kama mwenzako saa hiyo yuko kwenye foleni ya Mbagala, dada wa kazi abaki hadi saa 1 usiku na muda huo alipwe.

Wengi wanakwama kwenye kugawana, kwa sababu wanagawana mikono tu. Baba anampeleka mtoto kliniki, sawa, lakini nani aliyekumbuka tarehe, akatafuta kadi, akamwandalia nguo za kubadilisha? Kazi itolewe nzima. Anayechukua kliniki atunze kadi, ajue kwamba chanjo ya surua ni miezi 9 na tena miezi 18, aombe ruhusa kazini kwake mwenyewe. Na ukishamwachia, usimkumbushe. Ukimkumbusha, kazi imerudi kwako.