Mwanga ulikuwa mwingi mno

Kwa siku mbili nilihangaika na laini ya faiba (uzi wa kioo unaopitisha data kwa mwanga) ya mita 600 kati ya majengo mawili hapa Mwanza. Taa ya swichi ya mtandao inawaka, inazima, inawaka tena. Data zikipita, nyingi zinafika zimeharibika. Nikafanya yale tunayofanya mafundi wote: nikasafisha vichwa vya konekta, nikabadilisha kebo fupi, nikakagua kama faiba imekunjwa mahali. Wapi!

Stoo zilikuwa zimebaki moduli (vidude vya kuchomeka kwenye swichi, vinavyotuma na kupokea mwanga) za kilomita 80 tu, za mwanga wa urefu wa wimbi nanomita 1550. Nilizifunga nikiamini kwamba kinachofika mbali hakiwezi kushindwa hapo jirani.

Siku ya tatu nikachukua pawa mita, kifaa cha kupima nguvu ya mwanga, nikaiweka kwenye 1550, nikachomeka upande wa kupokea. Ikasoma 1.8 dBm, yaani kama miliwati 1.5 (kwa dBm, sifuri ni miliwati moja, na mwanga hafifu zaidi ya hapo huwa na alama ya kutoa). Nimezoea kuona alama ya kutoa mbele ya namba. Safari hii haikuwepo. Nikafungua karatasi ya maelezo ya moduli: inapokea kuanzia −23 hadi −3 dBm, basi. Kumbe nilikuwa natafuta mwanga unapotelea wapi, na hakuna uliopotea. Kwa 1550, kilomita nzima ya faiba hula kama robo desibeli tu. Mita 600 zingepunguza nini?

Mwenzangu akashauri, "Kaka, izungushe faiba kwenye penseli, mwanga utavuja." Ni kweli unavuja, ila kiasi chake hubadilika ukiigusa tu, na kioo kilichokunjwa hivyo muda mrefu huja kukatika. Kazi ya namna hiyo simwachii mteja.

Nikanunua atenueta mbili za desibeli 10. Ni kidude kidogo kama kipande cha kidole: upande mmoja kichwa cha konekta aina ya LC, upande wa pili tundu lake, na ndani kuna kioo kilichotengenezwa kumeza mwanga. Desibeli 10 maana yake inapita sehemu moja tu ya kumi, yaani miliwati 1.5 inabaki 0.15. Nikapachika moja kila jengo, upande wa kupokea. Mita ikasoma −8.3. Taa ikatulia, na hesabu ya makosa kwenye swichi haikusogea usiku kucha.

Kinachonitisha hadi leo ni kwamba mwanga ukizidi sana unaweza kuua kipokezi kabisa. Vyangu vilipona. Boksi lililobaki stoo nimeliandika kwa maka peni nene: KM 80, USIFUNGE KARIBU BILA ATENUETA.