Jinsi nilivyowatoa popo darini bila kuwaua

Dari letu hapa Tanga lilinuka mkojo wa popo hadi wageni wakakataa kulala. Fundi alishauri tuwafukize moshi. Nikakataa: popo hawa wadogo hula wadudu, mbu wakiwemo, na vitoto visivyoweza kuruka vingefia humo humo.

Nikasubiri vitoto vikue. Jioni mbili nilikaa uani nikitazama wanakotokea: upenyo chini ya bati, usiozidi kidole gumba. Nyufa nyingine nikaziba kwa saruji. Penye upenyo nikapigilia wavu laini upande wa juu tu, chini ukaning'inia wazi. Popo hutambaa akatoka, kurudi hawezi.

Siku ya tano, kimya. Nikaziba. Kinyesi nilikilowesha kwanza, nikakizoa nikiwa na barakoa, maana vumbi lake hudhuru mapafu.

Jioni bado wanazunguka mwembe wetu. Nafurahi kuwaona.