Hata akishindwa

Ndo tunatoka tribinali (mahakamani), niko kwenye bisi na mama mkubwa tunarudi Katuba.

Kesi ni ya ukuta wake. Jirani anasema umeingia kwenye parsele yake, kiwanja chake. Mambo ya siku zote hapa Lubumbashi.

Avoka (wakili) wa jirani alisoma karatasi zake kwa Kifaransa cha mbio. Mama mkubwa kasimama tu, kitenge kakikaza kiunoni, haelewi kitu. Hakimu akamkatiza avoka, akamgeukia kwa Kiswahili: "Mama, umesikia wanachokushitaki? Eleza na wewe. Hatuna haraka."

Hatuna haraka! Na watu wamejaa mpaka mlangoni.

Akaeleza yote, hata habari za mwembe uliokatwa, ambao hauhusu kitu. Hakimu anaandika tu. Akikosa jina, anamwomba arudie.

Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 18, inataka mtu aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Ukuta si kukamatwa, najua. Lakini roho yake ni ileile.

Hukumu bado. Mama mkubwa kaniambia: "Hata nikishindwa, nitausogeza. Wamenisikia."

Kaka yangu yeye alishinda kesi yake, miaka imepita. Hakuna aliyemuuliza neno, na hadi leo anaamini upande ule ulikosa tu pesa ya kutosha.

Ba ndugu, ninyi mlioingia tribinali, mlipokelewa namna gani? Andikeni hapa, hata mlioshindwa. Hasa ninyi.