Ninavyopima SUV kubwa kabla ya kuifanya gari la familia

Kinachosukuma familia nyingi kwenye SUV kubwa ni siti za watoto. Nyingi zina upana wa sentimita 44 au zaidi, na kiti cha nyuma cha gari dogo la saluni hakizidi sana sentimita 130 kutoka mlango hadi mlango. Siti mbili zinakaa vizuri. Ya tatu ikiingia, vifungio vya mikanda vinafunikwa na mkono haupati pa kupita. Halafu kuna suala la mgongo: kwenye saluni unainama na mtoto mikononi, wakati kwenye SUV kubwa kiti kiko juu, karibu na usawa wa kiuno, na unamfunga mkanda ukiwa umesimama wima. Kazi hiyo ikirudiwa asubuhi na jioni huamua ununuzi kuliko nguvu za injini, ingawa wauzaji hawaigusii.

Kwa hiyo nikienda kukagua gari hubeba siti ya mtoto yenyewe, kigari cha mtoto na futi ya kupimia. Siti naifunga ikitazama nyuma, kisha nasogeza kiti cha mbele hadi anapokaa dereva mrefu zaidi wa nyumbani. Magoti yakigusa dashibodi, ukubwa wa gari kwa nje haujasaidia kitu. Baada ya hapo, siti ikiwa bado imefungwa, najaribu kupita kwenda viti vya mstari wa tatu. Hapa ndipo magari mengi yanapoanguka: kiti cha kati hakilali mpaka uing'oe siti ya mtoto. Tafuta kile kinachoteleza mbele bila kulala, au chenye nafasi ya kupita katikati.

Mstari wa tatu ukalie mwenyewe, usitume mtoto. Kwenye SUV iliyojengwa juu ya chesisi (fremu ya chuma iliyo chini ya bodi), hasa yenye ekseli moja nzima nyuma inayounganisha magurudumu mawili, sakafu ya huko huwa imeinuliwa na magoti yanakuja kifuani. Zenye ekseli huru nyuma, ambapo kila gurudumu hucheza peke yake, huwa na sakafu ya chini zaidi. Angalia pia kama ndoano za ISOFIX (vishikio vya chuma vya kunasia siti ya mtoto) na za kamba ya juu ya siti zipo huko nyuma, maana mara nyingi ziko mstari wa pili tu, na kama mifuko ya hewa ya pembeni inafika hadi mwisho. Viti vyote vikiwa vimesimama, ingiza kigari kwenye buti. Mara nyingi buti la SUV ya viti saba hubaki kama rafu nyembamba.

Kama barabara zako zote ni lami na viti saba vinajaa kila siku, gari la aina ya basi dogo la familia, lenye milango inayoteleza pembeni, linaishinda SUV kwa nafasi na kwa mafuta. SUV inajilipia penye trela la kuvuta, na pia penye matope au mawe, kwa kuwa uvungu wake ni wa sentimita 20 au zaidi.

Uzito ndio watu wanaosahau. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, utoe uzito wa gari tupu. Gari la kilo 2,300 lenye ukomo wa 2,900 linabeba 600. Watu wazima wanne wa kilo 75 ni 300, watoto watatu 90, siti zao 30. Zinabaki 180 za mizigo, na keria ya juu ina ukomo wake pia, ambao kwa kawaida unajumuisha uzito wa keria yenyewe. Ukijaza hivyo, ongeza upepo wa tairi kufuata kibandiko cha kwenye mlango wa dereva. Tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo hujikunja sana, hupata joto na mwisho hupasuka.

Dizeli ya kisasa kwa safari fupi za shule na sokoni tu, siishauri. Kichujio cha masizi kwenye ekzosi hujisafisha kwa kuyachoma katika joto la nyuzi 600 hivi, na safari ya dakika kumi haifikishi. Usafishaji unakatishwa njiani, dizeli ya ziada iliyoingizwa kwa kazi hiyo inashuka kwenye oili, na ukichomoa kijiti cha oili unakuta kiwango kimepanda badala ya kushuka. Ukiona hivyo, badilisha oili bila kungoja kilomita za sevisi. Kama gari tayari unalo, lipeleke barabara kuu mara kwa mara, dakika 20 hadi 30 kwa mwendo usiokatika.

Boneti ndefu na ya juu huficha mtoto anayesimama mbele ya gari, na kamera ya nyuma haisaidii hapo. Simamisha ndoo mbele, kaa kwenye usukani, na mtu aisogeze mbali taratibu hadi uione. Umbali huo ndio usiouona kila unapoondoka. Kiti cha dereva kikipandishwa unapungua. Sehemu iliyobaki inataka kamera ya mbele, au kulizunguka gari kwa miguu kabla ya kuwasha.