Harufu ya ulimbo

Ndiyo kwanza natoka ukumbini, naandika huku nasubiri basi.

Hapa Minneapolis mtaani kwetu kuna okestra ya nyuzi tupu: fidla, viola, chelo na besi. Wapigaji ni majirani, kila mtu ana kazi yake ya mchana. Msimu mzima hakuna kiingilio.

Leo wamepiga St Paul's Suite, muziki wa mtunzi Mwingereza Gustav Holst, aliowatungia wanafunzi wake wa shule ya wasichana London. Alianza kufundisha pale 1905, mwaka uleule kwetu Unguja ilipoundwa Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarab!

Lakini kilichonishika ni kingine.

Kabla hawajaanza, bibi mmoja wa chelo alikuwa akipaka ulimbo, ule utomvu mkavu unaofanya upinde ushike nyuzi, kwenye upinde wake. Taratibu, kwenda na kurudi, unga mweupe ukimdondokea gotini. Marehemu babu akifanya vivyo hivyo barazani kabla ya kwenda mazoezini.

Harufu ileile.

Machozi yamenitoka hata wimbo haujaanza.

Jamani, nani mwengine kakulia nyumba yenye fidla? Nisimulieni. Na mlio karibu, onesho lijalo twendeni pamoja, na watoto.